Kipele hiki nikae nacho nyumbani au nimpeleke hospitali?

Maswali ya wasomaji: afya ya mtoto

Mwezi huu meseji zilizoingia nyingi ni za ngozi, kuna wanaotuma picha tu bila maneno, picha ya shavu, picha ya tako, alafu chini yake "dokta hii ni nini". Naomba niseme mapema kwamba picha ya kipele peke yake hainitoshi. Mimi nikiletewa mtoto mwenye vipele cha kwanza namuangalia yeye mwenyewe, amechangamka au amelala tu begani kwa mama yake, ananyonya, anakojoa, anapumuaje, ana umri gani. Mtoto anaweza kuwa na vipele mwili mzima vya kutisha kabisa lakini anacheza na anakula, huyo anaweza kusubiri mpaka Jumatatu, na kichanga mwenye vipele vitano tu ila hataki ziwa hawezi kusubiri hata kupambazuke. Kwaiyo ukiniandikia niambie na hayo. Haya tuanze.

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miezi nane tunaishi Mbagala. Alianza vipele mashavuni akiwa na miezi mitatu hivi, ngozi kavu inakwaruza ukiishika, mara inatoa majimaji, sasa imeshuka mikononi na miguuni na usiku halali anajikuna mpaka damu. Jirani akanipa tyubu ya krimu akasema ya kwake ilimaliza, nkapaka siku tatu ikaisha kabisa nikafurahi, nikaacha ikarudi, nikapaka ikaisha ikarudi, sasa hivi hata nikipaka haiishi vizuri na mashavu yamekuwa meupe meupe. Mama mkwe anasema ni meno yanaota yataisha yenyewe, baba yake anasema hospitali tutapoteza hela tu watatupa krimu ile ile. Niende au nisubiri meno?
Mama wa miezi nane, Mbagala

JIBU: Marahaba mama, pole sana, na pole zaidi kwa usingizi maana najua mtoto akijikuna usiku kucha nyumba nzima hailali.

Nenda. Sio leo usiku kwa kukimbia, lakini wiki hii nenda, na nitakueleza kwanini.

Meno tuyaweke pembeni. Meno yakiota mtoto anatoa udenda mwingi na udenda unaweza kumchubua kidevu na mashavu kidogo, ila meno hayawezi kushuka mpaka mikononi na miguuni wala kuanza akiwa na miezi mitatu yakaendelea mpaka minane. Unavyoeleza, kuanza mashavuni, kukauka, kutoa maji, kuwasha sana usiku, inafanana sana na kile watu wanaita pumu ya ngozi. Angalia na kwenye nepi, mara nyingi pumu ya ngozi inapaacha hapo pakavu pazuri wakati kwengine kote kumeharibika. Na waulize ndugu pande zote mbili kama kuna mwenye pumu ya kifua au mafua ya aleji yasiyoisha, maana vinatembea pamoja kwenye ukoo. Haiambukizi, na wala haujamlisha kitu kibaya. Watoto wengi inapungua wanavyokua, lakini kwa sasa inataka matunzo ya kila siku, hamna krimu ya kupaka mara moja ikaisha moja kwa moja, na anayekuahidi hivo anakudanganya.

Sasa hiyo tyubu. Hapa ndo naomba mnisikilize wote sio mama huyu peke yake. Itoe kwenye boksi lake usome maandishi madogo. Ukikuta clobetasol au betamethasone, hasa kama imechanganywa na dawa ya fangasi na antibayotiki humo humo, hiyo ina steroidi kali. Inafanya kazi haraka ndo maana inapendwa na ndo maana jirani anaisifia, inazima muwasho na uvimbe siku mbili tatu, lakini sababu ya ugonjwa iko pale pale. Kwa mtoto wa miezi nane, usoni, bila mtu wa kukuelekeza kipimo wala siku, inafanya ngozi iwe nyembamba, inaondoa rangi (hayo meupe meupe unayoyaona yanaweza kuwa hayo), na kwa mtoto mdogo dawa inapenya mpaka kwenye damu, ikitumika muda mrefu inaweza kumzuia hata kukua. Ukiipaka alafu ukamfunga nepi juu yake ndo mbaya zaidi, ile nepi inafunika dawa kama bandeji inazidi kupenya. Na kama kumbe ilikuwa fangasi, steroidi inaificha, wekundu unapungua huku fangasi inatambaa chini kwa chini, akija kwangu baada ya miezi miwili hata mimi napata shida kuitambua.

Sisemi steroidi ni sumu. Pumu ya ngozi tunaitibu kwa steroidi kweli, ila tunachagua nyepesi kwa mtoto, mara nyingi hydrocortisone ya asilimia 1 kwa uso, kwa siku chache zinazohesabika alafu tunapumzisha. Kwaiyo baba asiseme watampa krimu ile ile. Mwambie kuna tofauti kubwa ya nguvu kati ya tyubu na tyubu, na hiyo tofauti haionekani kwa macho.

Unaposubiri kwenda: muogeshe maji ya vuguvugu, haraka, dakika tano kumi zinatosha, bila dettol bila sabuni ya kunukia. Mkaushe kwa kugusagusa usimsugue, na hapo hapo ngozi ikiwa bado na unyevu mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu, mengi, mwili mzima, na urudie mara kadhaa kwa siku hata kama hajaoga. Mafuta ya nazi nayo sio mabaya kama hayamuwashi. Kata kucha. Nguo za pamba. Na wewe kama unapaka mkorogo au krimu za kung'arisha, samahani kwa kukuuliza hivi, kumbuka shavu lake linalala kwenye mkono wako siku nzima.

Nilisema wiki hii, lakini iwe leo leo ukiona haya: ngozi inatoa usaha au inafanya magamba ya njano, imekuwa ya moto na inauma ukiigusa, ana homa, au vimetokea ghafla vidonda vidogo vingi vya duara vinavyofanana vinavyouma sana na mtoto amenyong'onyea. Hicho cha mwisho huenda ni kirusi cha malengelenge (herpes) kimeingia kwenye ngozi iliyokwisha chubuka, kinahitaji dawa yake haraka na hakisubiri asubuhi. Na uibebe hiyo tyubu, usione aibu, daktari anahitaji kujua mtoto ameshapakwa nini.

SWALI: Dokta samahani naandika kwa haraka. Nimejifungua mtoto wa kiume ana siku tisa. Juzi nimeona vipele vina usaha mweupe kwenye mikunjo ya shingo na kwapani, leo vimeongezeka. Ananyonya. Mama mkwe anasema ni mchango kila kichanga anapata, tumuogeshe majani na hatujatoka arobaini kwaiyo hatuwezi kutoka nje. Nifanyeje
Mama mpya, Tanga

JIBU: Toka leo mwanangu. Namheshimu sana mama mkwe wako, na mila ya arobaini ina faida zake, mama apumzike mtoto asishikwe na kila mtu, ila ugonjwa hausubiri arobaini iishe. Ukishindwa kutembea mtume baba akatafute bajaji.

Mama mkwe ana ukweli kiasi, na nataka nimtendee haki. Vichanga wengi kweli wanatoka vipele siku za mwanzo ambavyo havina neno. Kuna vile vya siku ya pili ya tatu, mabaka yenye kichwa kidogo katikati, leo viko kifuani kesho viko mgongoni, vinapotea vyenyewe ndani ya wiki moja mbili. Kuna vidoti vyeupe vya puani. Kuna vipele vingine watoto wetu weusi wanazaliwa navyo kabisa, vinapasuka vinaacha alama nyeusi zinazokaa miezi alafu zinafifia. Na lile baka la bluu matakoni na kiunoni sio kuchubuka wala hakupigwa, litaondoka anavyokua. Yote hayo mtoto yuko mzima.

Lakini vya kwako vimeanza baada ya wiki, viko kwenye mikunjo, vina usaha na vinaongezeka. Hiyo inaonyesha bakteria wameingia kwenye ngozi, na mtoto chini ya miezi miwili kinga yake ni ndogo sana, bakteria wanaweza kutoka kwenye ngozi wakaingia kwenye damu ndani ya masaa. Kwa vile ananyonya huenda ukapewa dawa ya kunywa mkarudi nyumbani leo leo, na hilo ndo tunaloliombea. Usivikamue, usimuogeshe majani wala kumpaka kitu chochote, hata GV ile ya zambarau usipake kwanza mpaka muhudumu avione maana rangi inaficha.

Na ukiona hata kimoja kati ya haya usiende zahanati ukasubiri foleni, nenda hospitali na useme mlangoni kwamba ni kichanga: hataki ziwa au ananyonya kidogo kuliko jana, joto la kwapani limefika 37.5 au mwili umekuwa wa baridi, anapumua haraka mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, degedege, amelegea haamki, pembeni ya kitovu pamevimba au panatoa usaha, viganja na nyayo zimekuwa za njano. Malengelenge ya maji kwa umri huu nayo ni ya leo leo, na yakiwa kwenye viganja na nyayo muhudumu atataka kujua kama ulipimwa kaswende kliniki ukiwa mjamzito, mjibu ukweli tu, inatibika. Usimpe panadol ya kushusha homa ili "uone kesho". Mnyonyeshe njia nzima.

SWALI: Dokta mimi ni baba, mtoto ana miaka miwili na ni mweusi kama mimi. Kila nikisoma dalili za hatari naona wanasema ngozi ikiwa nyekundu, wekundu ukisambaa, sijui bonyeza na glasi. Sasa huyu wangu hata akiumwa na mbu sioni wekundu wowote. Nitajuaje?
Baba wa Dodoma

JIBU: Kaka umeuliza kitu ambacho kinanikera miaka yote. Picha nyingi za vitabuni na mtandaoni ni za watoto weupe, mzazi wa Dodoma anaambiwa atafute wekundu ambao kwenye ngozi ya mwanae hautaonekana, anaona hamna wekundu anarudi kulala, na mtoto anachelewa. Wahudumu wenyewe wakati mwingine wanakosea kwa sababu hiyo hiyo.

Ngozi yetu ikivimba kwa ugonjwa inakuwa nyeusi zaidi kuliko jirani yake, au zambarau, au kijivu, na mara nyingi inang'aa kwa sababu imejaa. Kwaiyo tumia mkono. Weka mgongo wa kiganja chako pale penye tatizo alafu uweke sehemu ile ile upande wa pili wa mwili, linganisha, je pana joto zaidi, pamekakamaa, analia ukigusa? Ukikuta hivo chora mpaka wa uvimbe kwa peni, kweli chora na uandike saa, ukirudi baada ya masaa kadhaa ukakuta uvimbe umevuka mstari hamna mjadala tena, mnaondoka. Na uvimbe ukiwa karibu na jicho usingoje hata kuchora, jicho likivimba na kope hazifunguki vizuri na ana homa ni siku hiyo hiyo.

Alafu kuna sehemu ambazo hata sisi ngozi ni nyepesi: viganja, nyayo, ndani ya mdomo wa chini, ndani ya kope la chini. Hapo ndo pa kuangalia. Manjano angalia weupe wa jicho na fizi. Upungufu wa damu linganisha kiganja chake na chako. Midomo ikiwa kama ya bluu angalia ulimi.

Hiyo ya glasi iko hivi. Kuna vidoti ambavyo ni damu imevuja chini ya ngozi, vidogo vya zambarau au vyeusi, vinaweza kuwa vingi. Ukibonyeza glasi safi inayopitisha mwanga juu yake vipele vya kawaida vinafifia, hivi vya damu havifutiki. Kwenye ngozi nyeusi fanya kwenye nyayo na viganja, na ndani ya mdomo uangalie kwa macho. Mtoto mwenye homa na vidoti visivyofutika ni dharura kubwa kuliko zote nilizoandika hapa, inaweza kuwa bakteria wa homa ya uti wa mgongo wako kwenye damu, usipitie duka la dawa, usipitie zahanati iliyofungwa, tafuta usafiri wa hospitali. Na hata bila homa, akitoka vidoti hivyo au michubuko bila kuanguka, au fizi zinatoa damu, apelekwe siku hiyo akapimwe damu.

Na kitu kimoja cha kukutuliza, ngozi yetu ikipona inaacha alama nyeusi au nyepesi ambazo zinakaa miezi. Hizo sio ugonjwa unaoendelea. Usisugue na usinunue krimu ya kuondoa madoa kwa mtoto.

SWALI: Jana mtoto wa miaka minne alipewa septrini duka la dawa kwa kikohozi leo ametoka mabaka mabaka ya kuvimba mwilini yanawasha. Nimalize dozi?
Mama wa Unguja

JIBU: Hapana. Acha dawa, chukua paketi yake, nenda kituo cha afya leo. Kama mabaka yanahamahama na mtoto anapumua vizuri mara nyingi ni aleji inayotulia kwa dawa. Lakini midomo au ulimi ukivimba, sauti ikakauka, akatapika mfululizo au akapumua kwa shida, ni kukimbia sasa hivi. Kitu kingine cha kuogopa kwenye dawa za jamii ya salfa, na septrini ni mojawapo, ni ngozi kuuma na kutoa malengelenge au kubanduka, na vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri. Inaweza kuanza hata wiki moja mbili baada ya kuanza dawa, kwaiyo watu hawaunganishi. Ukiiona ni kulazwa. Na liandikwe jina la dawa kwenye kadi yake ya kliniki ili asipewe tena maisha yake yote.

SWALI: Habari dokta. Nyumbani kwetu tunajikuna wote, watoto watatu mimi na mke wangu, usiku ndo balaa. Tumebadilisha sabuni tumefukiza godoro tukijua kunguni lakini wapi. Mdogo ana mwaka mmoja ana vipele hadi kwenye nyayo na viganja. Twende wote hospitali au mmoja atoshe?
Baba watatu, Tabora

JIBU: Kaka huo kwa maelezo yako ni upele, na simaanishi vipele hivi hivi, nasema upele wenyewe unaoletwa na kidudu kisichoonekana kwa macho kinachochimba ndani ya ngozi. Dalili kubwa ni hiyo, nyumba nzima na usiku. Kwa wakubwa angalia katikati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono, kiunoni na sehemu za siri, kwa wadogo chini ya miaka miwili unapanda mpaka kichwani na unashuka viganjani na kwenye nyayo kama ulivyoona. Na msijione wachafu, wenye nyumba safi wanaupata vilevile kwa kulala pamoja na kushikana.

Mpeleke huyo wa mwaka mmoja aonwe, na mseme mko watano ili mpewe dawa ya wote. Hapa ndo watu wanapokosea, anatibiwa anayejikuna tu, wakati mtu aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne mpaka sita bila kuwashwa huku anawagawia wengine. Wote siku moja, usiku mmoja, kuanzia shingoni kushuka mpaka kwenye unyayo, mdogo na kichwani pia ukikwepa macho na mdomo. Kama ni permethrin ya asilimia 5 inakaa usiku kucha mnaoga asubuhi, mnarudia baada ya wiki. Kama mmepewa BBE (dawa ya kupaka ya benzyl benzoate), ile inawasha na kuchoma, kwa mtoto lazima ichanganywe na maji na kipimo kinategemea umri, usikisie, muulize aliyekupa. Asubuhi ile ile nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto yaanikwe juani, yasiyofulika yafungwe kwenye mfuko siku kadhaa. Muwasho utaendelea wiki mbili mpaka nne hata dawa ikiwa imefanya kazi, msirudierudie kupaka kwa hasira.

Cha kumrudisha mtoto haraka: vipele vikianza usaha na magamba ya njano, homa, au (na hii wazazi wengi hawaijui) wiki chache baada ya vidonda vya ngozi ukamuona asubuhi amevimba uso kuzunguka macho na mkojo umekuwa kidogo na wa kahawia. Bakteria wa vidonda vya ngozi wanaweza kusababisha figo kuumwa. Siku hiyo hiyo hospitali. Ndo maana sipendi kusikia "ni upele tu".

SWALI: Mambo dokta, niko Kisumu, mtoto wangu wa nursery ametoka vidutu vya maji tangu jana, ana homa kidogo. Jirani wananiambia ni mpox, wengine tetekuwanga, shosho yake anasema ni surua na tumfunike asipigwe na upepo. Naogopa kwenda hospitali wasitutenge. Je?
Mama wa Kisumu

JIBU: Dada tulia kwanza. Hofu yako naielewa, tangu Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox aliyepatikana mpakani Taveta mwaka 2024 na WHO ikatangaza dharura Agosti mwaka huo huo, na Tanzania nayo ikatangaza wagonjwa Machi 2025, kila lengelenge limepewa jina hilo.

Surua haianzi na vidutu vya maji. Inaanza na homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu kwa siku tatu nne, alafu ndo vipele vikavu vinaanza nyuma ya masikio na usoni vinashuka. Angalia kadi yake, chanjo ya surua ni miezi 9 na miezi 18, akikosa moja muambie nesi. Akiwa na dalili za surua anaenda hospitali hata kama amechangamka, kuna vitamini A ya kumpa na macho na mapafu ya kuangalia.

Tetekuwanga vinakuja kwa awamu, ukiangalia kifua chake sasa hivi utakuta vipya, vya maji na vilivyokauka vyote pamoja, na vinawasha sana. Mpox mara nyingi vinakuwa vigumu, vya ndani, vinauma zaidi kuliko kuwasha, vilivyo sehemu moja viko hatua moja, vinapenda viganja, nyayo na mdomoni, na mtoto anakuwa na mitoki shingoni au kinenani. Lakini hata sisi wakati mwingine hatuwezi kutofautisha kwa macho tukachukua kipimo. Kwahivyo aonwe, na ukifika mwambie mtu wa mlangoni kabla hujakaa kwenye benchi na wengine, kukaa pembeni ni kuwalinda vichanga na wajawazito walio pale, hakuna anayekuadhibu. Ikithibitika ni tetekuwanga anakaa nyumbani mpaka vyote vikauke magamba. Maji mengi, kucha fupi, nguo nyepesi, shosho aache kumfunika. Homa tumia panadol kwa kipimo cha uzito wake, aspirini kamwe usimpe, na ibuprofen nayo iache kwa tetekuwanga. Mrudishe haraka akipumua kwa shida, homa ikipita siku nne au ikaisha ikarudi, ngozi ya katikati ya vipele ikiwa ya moto na ya kuuma, akilala sana, akiyumba akitembea. Na kama wewe ni mjamzito na hujawahi kuugua tetekuwanga nenda ukaonwe pia, usisubiri utoke vipele.

MAJIBU MAFUPI

Mama wa Morogoro, mapunye ya kichwani hayatibiki kwa krimu hata upake mwaka, fangasi wako ndani kwenye shina la nywele. Ni vidonge au dawa ya maji ya kunywa wiki sita hadi nane, mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kama ni griseofulvin. Pakivimba pakawa laini panatoa usaha msipasue, nenda wiki hiyo hiyo maana nywele zinaweza zisiote tena. Shule anaweza kwenda akishaanza dawa, ila mashine ya kinyozi ioshwe au anunuliwe yake.

Bibi wa Iringa unayelea mjukuu, shikamoo. Ngozi ya miguu inayobanduka na nywele kuwa nyekundu nyembamba, naomba umbonyeze juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba ukihesabu mpaka tatu. Kama shimo linabaki miguu yote hiyo ni kwashakoo, dawa ya ngozi haitasaidia, mpeleke kituo cha afya leo kwa matibabu ya lishe. Sera ya nchi ni kwamba chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, uliza hilo mapokezi.

Baba wa Moshi mwenye mtoto wa mabaka meupe, wewe una bahati, hapo hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya ngozi tangu 1992 na matabibu wa ngozi waliosomea hapo wako kwenye hospitali nyingi za mikoa, kwaiyo kama mmezunguka zahanati bila jibu omba rufaa. Mabaka meupe hafifu mashavuni kwa mtoto wa shule mara nyingi ni ngozi kavu tu, mafuta ya mgando na kumkinga na jua, yanaisha taratibu, hayahitaji dawa ya minyoo. Ila mguse kwa ncha ya pamba macho yake yakiwa yamefumbwa, ndani ya baka na nje ya baka. Akiwa hasikii ndani ya baka asisubiri, aonwe kwa ajili ya ukoma, dawa zake ni bure, ukikwama zahanati muulizie mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya.